Mtoto Aliyepatikana Mara Mbili

Chiriku hakuwa mtoto wa kupanga viatu. Akifika nyumbani alivirusha tu, kimoja chini ya meza, kingine Mungu ndiye ajuaye wapi, na asubuhi yake mama yake hutambaa sakafuni akivisaka huku akiapa kwamba safari ijayo mtu ataenda peku. Lakini jioni ile waliporudi kutoka bustani ya michezo, mtoto aliketi kizingitini, akavua viatu polepole, akavisimamisha kando ya mlango, vimebanana, ncha zikitazama nje.

"Makubwa haya," mama yake akacheka. "Leo jua limetokea magharibi. Baba Chiriku, njoo uone, mwanao amekua ghafla!"

Baba Chiriku hakuja. Alikuwa barazani amepiga magoti nyuma ya friji ya mteja, akikaza skrubu ambayo ilikuwa imekazwa tangu asubuhi.

La viatu lingepita kama kichekesho. Ila mtoto yule hakupewa jina la Chiriku bure. Alikuwa anaongea akila, anaongea akioga, anaongea usingizini, na ukimuuliza habari za bibi yake atakupa na za majirani wa bibi. Jioni ile alikula kimya, akasema asante, akachukua kigoda chake akaenda kuketi akiukabili mlango.

"Ana nini huyu?" mama akauliza.

"Amechoka," baba akadakia. "Jua lilikuwa kali."

Alijibu upesi mno. Mkewe alimtazama kidogo, kisha akaondoa sahani.

Tumseme mwanamume huyu, maana bila kumsema hadithi haiendi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi friji, mcheshi, hodari wa kufufua mashine ambazo wenyewe walishazikatia tamaa, na baraza lake lilijaa friji zilizosimama kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Shida yake ilikuwa ya wengi siku hizi. Macho yake yalikuwa ya simu kwanza, na mabaki ndiyo waliyogawana mkewe na mwanawe.

Kule bustanini, mkewe alikwenda kupanga foleni ya tiketi za gari moshi la watoto, lile dogo linalozunguka bwawa. Alimkabidhi mtoto kwa maneno machache.

"Mshike mkono. Usimwachie."

"Nimemshika, mama. Kwani mimi ndiye mtoto?"

Akamshika, kweli. Lakini mechi aliyoifuatilia simuni ilikuwa imefika kwenye penalti, na simu yake pana haishikiki vizuri kwa mkono mmoja. Akauachia mkono wa mtoto ili ashike simu kwa yote miwili, mara moja tu, huyu mpigaji apige tu. Alipoinua kichwa, kiganja chake bado kilikuwa na jasho la kile kiganja kidogo, na mtoto hayupo.

Alitazama kwenye bembea. Akainama chini ya mitelezo, akazunguka farasi wa mbao, akaita kwa sauti ya chini watu wasigeuke. Na hapo ndipo ilipo aibu yenyewe, afadhali isemwe mapema: hakuwa akiomba ampate mtoto. Alikuwa akiomba ampate kabla mkewe hajatoka kwenye foleni.

Kipaza sauti kikakohoa juu ya miti.

"Tangazo. Amepatikana mtoto wa kike. Gauni la njano, mfuko mmoja kifuani. Mzazi afike kwenye kibanda karibu na lango."

Alikimbia. Kibandani alimkuta mtangazaji, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamrisha, na juu ya kiti mtoto amekaa ametulia.

"Huyu ni wako?"

"Ni wangu."

"Una hakika, baba? Halii, hasemi, hata jina hataki kulitaja."

"Ni wangu, dada. Ana haya tu."

Chiriku, ana haya! Hata ulimi wake mwenyewe ulipaswa kumshtaki hapo. Lakini alimshika mtoto mkono bila kuinama, bila kumtazama usoni, akatoka naye mbio mbio. Mkono ule ulikuwa mkavu na wa moto, kama jiwe lililoshinda juani.

Hajafika mbali, kipaza sauti kikakohoa tena.

"Tangazo. Amepatikana mtoto wa kike. Gauni la njano, mfuko mmoja kifuani. Amepoteza kiatu cha mguu wa kushoto. Analia, anamtaka baba yake."

Fundi akasimama. Akatazama chini: mtoto aliyemshika alikuwa na viatu vyote viwili. Gauni lile mkewe, fundi cherehani, alilishona mwenyewe kwa kitambaa kilichobaki cha mapazia ya mteja; halikuwa gauni la dukani useme wapo wengi wenye kama hilo. Akageuka nyuma. Dirishani mwa kibanda, nyuma ya kioo kilichopigwa na jua, mtoto alikuwa amesimama juu ya kiti, uso umelowa, mkono umeinuliwa, akimtazama yeye.

Angeweza kurudi. Hatua zilikuwa chache. Lakini kurudi kungekuwa kusema, mbele ya yule mama na wote waliokuwa wakipita, kwamba amechukua mtoto bila kumtazama, na huko kwenye foleni mkewe alikuwa ameshaonekana, anakuja na tiketi mkononi. Akajiambia ni kivuli cha kioo. Akajiambia mtangazaji amerudia tangazo la zamani. Akajitia hamnazo, akatembea.

"Umesikia hao?" mkewe akamwambia, king'ora cha gari moshi kikiwa kimemeza nusu ya tangazo. "Kuna mtu amepoteza mtoto huko. Sijui watu wengine macho wanayaweka wapi!"

"Watu wengine, bwana," fundi akasema, akacheka.

Wakapanda gari moshi. Walipokuwa wakizunguka bwawa, tangazo lilirudiwa chini ya kelele za magurudumu, na likarudiwa tena, kisha likakoma.

*

Nyumbani, mabadiliko yalikuja kidogo kidogo. Asubuhi fundi alizikuta friji zote za barazani ziko wazi, milango imeachama, rafu zimevutwa nje. Akafikiri ni vijana wa mtaani. Kesho yake zikawa wazi tena, na pipa la maji halina kifuniko, na banda la kuku limefunguliwa bila kuku hata mmoja kupotea, na buti ya gari bovu la jirani imeinuliwa. Hakuna kilichoibwa. Kila mahali ambapo mtu mdogo angeweza kujikunja na kujificha, palikuwa pamefunuliwa.

Harufu nayo ikaja. Ilikuwa harufu ya vumbi la moto linapoangukiwa na matone ya kwanza ya mvua, na mvua yenyewe hakuna, mbingu nyeupe, majani yamekauka. Iliingia jua lilipozama, ikakaa chumbani mpaka giza liive, kisha ikaondoka.

Na mtoto aliketi kwenye kigoda, anautazama mlango. Hakukataa chakula. Hakukataa kuoga, ila maji yalikauka mwilini mwake kabla ya taulo kumgusa.

"Unamngoja nani, mwanangu?" mama yake akamuuliza.

"Baba."

"Baba si huyo hapo nyuma yako?"

Mtoto aligeuka, akamtazama fundi kwa muda, kwa adabu, jinsi mtoto anavyomtazama mgeni aliyeambiwa amwamkie. Kisha akarudisha macho mlangoni. Mama akacheka kidogo, kicheko kikakatika katikati.

Tangu hapo fundi alianza kuogopa magharibi. Mkewe alikuwa na kibanda chake cha ushonaji barabarani, na kazi ikizidi alichelewa kurudi, kwa hiyo saa ile ilimkuta fundi peke yake na mtoto. Aliwasha taa zote. Aliwasha redio. Alitengeneza friji ambazo hazikuwa na kasoro, mradi mikono iwe na la kufanya. Na jioni moja harufu ilipoingia alisikia hatua nje, nzito, za mtu mzima, zikifuata ukuta wa nyumba, zikisimama kila dirishani, kisha kofi la mkono likipapasa ukuta juu na chini kama la kipofu anayetafuta mlango, likazunguka upande wa jikoni, likazunguka upande wa choo, likarudi mbele, na redio ikaanza kukwaruza ikapoteza kituo chake, na katika mkwaruzo ule kukawa na kama kikohozi cha kipaza sauti, na fundi akashikilia komeo kwa mikono miwili jasho jembamba likimtoka mgongoni, akisoma kila dua aliyoikumbuka na kuzichanganya mwanzo na mwisho, mpaka hatua zikasimama upande wa pili wa ubao, karibu mno, pumzi kwa pumzi, na sauti ikasema kutoka nje, ya chini, iliyochoka kulia:

"Baba, nifungulie."

Ilikuwa sauti ya Chiriku. Haikuwa inafanana nayo, ilikuwa yenyewe, pamoja na ule ulimi wake mzito kwenye herufi ya mwisho. Fundi akageuka polepole. Mtoto alikuwa kwenye kigoda chake, mdomo umefumba. Kisha mtoto akainuka, akaja mlangoni, akaweka kiganja chake juu ya ubao, akasema neno moja.

"Baba."

Hakuwa akimwambia yeye.

Fundi alisukuma friji nzima akaiegemeza mlangoni, mwenyewe akaiegemea kwa mgongo. Nje sauti iliendelea kuita, ikapungua, ikawa kwikwi, ikaondoka na hatua. Aliposikia kimya, alilia. Alijua. Tangu pale kwenye kioo alikuwa anajua. Mkewe aliporudi akakuta friji mlangoni, fundi alimwambia kwamba alikuwa anaihamisha.

*

Lililoumbua jambo ni gauni. Mama Chiriku alilifua, akaligeuza ndani nje ili alianike, na fundi cherehani hata akiwa amechoka vidole vyake havilali. Akaingia nalo ndani akiwa ameliinua mbele ya uso wake, povu bado mikononi.

"Baba Chiriku," alinong'ona. "Gauni hili halina mshono."

"Halina nini?"

"Mshono. Tazama. Hakuna uzi, hakuna pindo, mkono haujaunganishwa na kiwiliwili. Kitambaa kimeota tu hivi kilivyo." Akamkazia macho. "Mimi nililishona gauni la mwanangu kwa mkono wangu. Hili ni la nani?"

Ulikuwa wakati wa kusema. Fundi akafungua mdomo.

"Labda umesahau," akasema.

Mkewe alilikunja gauni likiwa bado limelowa. Alitoka akaenda kumwita mjomba wake.

Mjomba alikuwa kinyozi, na watu walimfuata kwa mambo mawili: ndevu na majini. Mwenyewe alisema kazi ni moja, kutoa kisichotakiwa bila kumkata mwenye nacho. Alifika alasiri na chetezo, ubani, na koti lake jeupe la kinyozi lenye nywele za wateja mabegani.

"Shikamoo, mjomba," fundi akamwamkia.

"Marahaba. Nani anaumwa hapa, nyumba au mtu?"

"Mtoto," Mama Chiriku akasema.

Mjomba akapuliza makaa, akamwaga ubani, akaanza kumzunguka mtoto akisoma kwa sauti ya puani. Mwanzoni hakikutokea kitu. Kisha taa zikafifia, madirisha yakatetemeka, ile harufu ya vumbi na mvua ikajaa chumba kizima, na mtoto akaanza kulia. Hakukoroma kwa sauti ya mtu mzima, hakutukana kwa lugha za ajabu, mambo ambayo mjomba alishayazoea. Alilia tu. Alijikunja kwenye kona nyuma ya cherehani ya mama, akajifunika kichwa kwa mikono, akalia kama mtoto yeyote anayetishwa na watu wasiowajua, na mahali machozi yake yalipodondoka sakafu ikawa inafuka mvuke.

Mjomba akanyamaza. Akamwagia makaa maji.

"Mbona unaacha?" Mama Chiriku akauliza.

"Mwanangu, mimi natoa kilichoingia. Huyu hakuingia." Mjomba akaketi chini, uzee umemrudia ghafla. "Huyu ni mtoto wa majini, mdogo hata kuliko wako. Watoto wao wanapenda kucheza walipo watoto wenu, na wanaiga. Akiona mwenzake ana gauni zuri, naye anajivika hilohilo, na uso pia, mchezo tu. Jioni wazazi wao wanawachukua, wanakwenda zao. Huyu hakuchukuliwa na mzazi wake. Ameletwa hapa kwa mkono, na yupo aliyemtamkia kwamba ni wake. Nani alisema?"

Mjomba akamtazama mke, kisha mume; kule konani kwikwi ziliendelea.

"Nani alisema, wanangu? Maana jioni kuna mtu anazunguka nyumba hii anatafuta mwanawe, na kama ningekuwa yeye nisingekuwa na adabu kiasi hiki."

Fundi aliketi kwenye kigoda cha mtoto. Alisema akiwa amekaa, akiitazama sakafu. Alisema ya mkono na simu na penalti. Alisema ya kibandani. Alisema na ya tangazo la pili.

"Ulimwona?" mkewe akauliza. "Yule wa dirishani. Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Na yeye?"

"Aliniona."

"Na mimi nikakuambia watu wengine macho wanayaweka wapi."

"Ndiyo."

"Ukacheka."

Fundi alitamani mkewe apige kelele, avunje kitu, ampige hata kofi, chochote ambacho kingekuwa na mwisho. Mkewe alikwenda konani, akapiga magoti mbele ya yule mtoto, akamfuta mvuke usoni kwa kanga yake.

"Basi, mama, basi," akamwambia. "Na wewe una mama yako huko anakulilia. Njoo nikuvishe viatu."

*

Bustani ilikuwa inakaribia kufungwa. Watu walikuwa wanakusanya mikeka yao, watoto wanalia kukatazwa bembea ya mwisho. Yule mama mtangazaji alimtambua fundi kutoka mbali.

"He, baba wa mapacha! Umesahau nini tena?"

"Mapacha gani?" Mama Chiriku akauliza.

"Si hawa wake? Alikuja akamchukua mmoja. Hajatoka vizuri, mfagiaji akaniletea mwingine kwa mlango wa nyuma, gauni lilelile, kiatu kimoja. Nikatangaza, nikatangaza, nikachoka. Nusura nifunge kibanda niende naye polisi. Ndipo akarudi mwenyewe."

"Sikurudi," fundi akasema.

"Ulirudi, baba! Ungemwona, dada," akamgeukia mke, "alivyoingia anahema. Alizunguka bustani yote, akainua kila turubai, akatazama hata ndani ya mapipa ya taka. Akapiga magoti mbele ya mtoto hapo, akamtazama usoni, akamtazama, nikasema huyu baba leo amepata somo. Nikamuuliza, huyu ni wako? Akaniambia, 'Si wangu. Lakini hawezi kubaki hapa peke yake.'" Mama yule akacheka, tumbo likatikisika. "Nyie kina baba na utani wenu! Akamweka mabegani, wakaenda."

Hakuna aliyecheka naye. Fundi alihisi maneno yale yakishuka ndani yake moja moja, na kila moja lilikuwa zito kuliko kelele zote ambazo mkewe hakumpigia.

"Ulimtwaa kwa kinywa," mjomba akamwambia taratibu, "mbele ya mtu. Mrudishe kwa kinywa, mbele ya watu. Kwenye hicho kipaza sauti."

"Niseme nini?"

"Sema ulichokataa kusema siku ile."

Mtangazaji alitaka kukataa, lakini alimtazama Mama Chiriku usoni, akakisogeza kipaza sauti. Fundi akakishika. Nje, watu walikuwa wanapita na vikapu vyao, watu walewale aliowaogopa, au wanaofanana nao.

"Tangazo," alisema, na sauti yake ikarudi kwake kutoka juu ya miti, ngeni. "Amepatikana mtoto wa kike. Si wangu. Nilimchukua bila kumtazama, kwa sababu wangu nilimwachia mkono nikitazama simu. Nilipomwona wangu dirishani analia, nilijua, na nikaondoka. Niliona haya." Watu walisimama. Mmoja alitoa simu akaanza kumrekodi. "Baba wa huyu mtoto, yuko hapa. Mzima. Nakuomba uje. Na uniletee wangu, kama yupo. Tafadhali niletee wangu."

Upepo ukatulia. Kelele za bustani zikasogea mbali, gari moshi likawa linakwenda bila sauti, na harufu ya mvua kwenye vumbi la moto ikaja kwa nguvu mpaka mtangazaji akachungulia mbingu. Kisha mlango wa nyuma wa kibanda ukafunguliwa, na fundi akajiona mwenyewe akiingia.

Ulikuwa uso wake, mabega yake, hata doa la grisi kwenye kola. Ila macho yalikuwa mekundu ya mtu ambaye hajalala tangu alipopotewa, na kivuli hakikumfuata mlangoni. Mabegani mwake alikuwa amembeba Chiriku, nywele zimechanwa vizuri, mguu wa kushoto umefungwa kitambaa safi mahali pa kiatu.

Mtoto wa gauni lisilo na mshono alitoa sauti ambayo haikuwa ya mtu, kama chuma kinapoingizwa majini, akaruka. Yule fundi wa pili alimdaka, akapiga magoti, akampapasa kichwa, masikio, vidole kimoja kimoja. Na alipomaliza kumkagua, akamshusha Chiriku kutoka mabegani kwake kwa uangalifu, akamsimamisha sakafuni, akamwelekeza kwa fundi.

Fundi akapiga magoti, akafungua mikono.

"Chiriku. Mwanangu. Njoo."

Mtoto alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akarudi nyuma, akajificha nyuma ya mguu wa yule jini.

"Nilikuita ukafunga mlango," akasema. "Tulikuwa tunakuja na huyu, nikawa nakuita. Ukafunga."

"Mwanangu!" mama yake akalia, na hapo mtoto akakimbia, akapita kando ya mikono ya baba yake iliyokuwa wazi, akajitupa kifuani kwa mama.

Yule mwenye uso wa fundi alibaki amesimama. Fundi alitegemea hasira, alitegemea kisasi. Alijua mwenyewe angefanya nini. Jini alimtazama tu, na ilikuwa vigumu kuvumilia, kwa kuwa aliyemtazama hivyo alikuwa amevaa uso wake. Kisha alimshika mwanawe mkono, wakatoka, na nje watu waliona vumbi likiinuka na kuzunguka kidogo penye jua, basi.

Mjomba alipaka kizingiti cha nyumba yao dawa, akachoma ubani kila kona, akasema mambo yamekwisha. Friji za barazani zikakaa zimefungwa usiku kucha. Chiriku akaanza kuongea tena, kwanza na mama yake, baadaye na kuku, na mwishowe hata na baba yake, kwa uangalifu. Mama Chiriku naye alizungumza na mumewe kuhusu chumvi, kuhusu kazi, kuhusu nani atamchukua mtoto shuleni, na akisema hilo la mwisho alikuwa anajitaja mwenyewe.

Mchana mmoja mteja alileta friji yake kwa mkokoteni. Alimkuta Chiriku barazani anacheza, na fundi yuko nyuma ya mashine, haonekani.

"Hujambo, mtoto mzuri? Baba yupo?"

"Yupi?" Chiriku akauliza.

Mteja akaangua kicheko. "Kwani una mababa wangapi wewe?"

"Wa friji yupo huku nyuma," mtoto akamwelekeza kwa kidole. "Yule mwingine bado. Yeye anakuja jioni, na mwanawe. Mlango ukifungwa wanasimama hapo nje tu."

Fundi alisikia yote. Alijipapasa moyoni akitafuta hofu, akakuta aibu, na chini ya aibu wivu, na hakuona mahali pa kulalamikia. Alinyanyuka, akampokea mteja, akaelezwa kwamba friji haigandishi. Jioni ile, jua lilipozama, aliuacha mlango wazi.